Si Tumelipa?

Ukikulia Isebania unajua mapema kwamba neno "mgeni" linategemea umesimama upande gani wa barabara. Hatua chache kuelekea kusini uko Sirari, Tanzania, na yule uliyemwita mgeni asubuhi anakuuliza wewe umekuja kufanya nini. Wakuria wako pande zote mbili, kwa sababu mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa mbali sana na hapa wakakubaliana juu ya mstari kutoka pwani hadi pale latitudo ya digrii 1 kusini inapogusa ziwa, bila kuuliza nani ni shemeji ya nani. Kwa hiyo kwetu mtu anaweza kuwa mgeni kwa serikali na mwenyeji kwa shangazi yake, saa hiyo hiyo, akiwa amebeba sukari ile ile.

Neno hilo lilinirudia mwezi wa nne, marafiki watatu waliposhuka kutoka Nairobi kuja kuona ziwa. Tukawa watu wanne kwenye gari dogo la kukodi, tukapita Migori, Rongo, tukaingia Homa Bay. Upande huu wa ziwa hauna foleni ya magari ya watalii. Una omena iliyoanikwa kwenye nyavu kando ya maji, boti zenye majina ya Biblia na ya wachezaji wa mpira, viboko wanaotoka usiku kula mahindi ya watu, na visiwa vya Rusinga na Mfangano ambako vijana wa jiji wameanza kupajua. Sitaki kuwacheka. Mtu aliyekaa mwaka mzima Pipeline, dirisha lake likitazamana na dirisha la jirani, ana haki ya kuona maji mengi.

Tulianza na Hifadhi ya Taifa ya Ruma. Iko kwenye bonde la Lambwe, ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 120, na mnyama aliyefanya itengwe ni korongo. Si yule ndege. Kiswahili kimetoa jina moja kwa ndege mwenye miguu mirefu na kwa swala mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe kama aliyevaa kinyago. Kenya nzima, korongo huyu wa pili amebaki Ruma tu. Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 iliwahesabu 15. Matatu ya Nissan hubeba abiria 14, yaani ukiwapakia wote, mmoja anabaki stejini. Hatukumwona hata mmoja. Tuliona twiga, tukaona pundamilia, tukaona kongoni wakitutazama kama walimu wa zamu, tukaridhika.

Tulipotoka, mbele kidogo ya geti, tulisimama kununua mahindi ya kuchoma. Mama aliyekuwa akiyachoma alikuwa na mtoto mgongoni, na nyuma yake bonde lilikuwa kijani hadi kwenye vilima vya Gwassi. Tukingoja mahindi yaive alituambia kwamba shemeji yake alipoteza mbuzi wanne kwa fisi, akaandikisha, akaambiwa asubiri. Alilisema hilo kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mmoja wetu, nitamwita Wakili kwa sababu anafanya kazi kwenye ofisi ya mawakili ingawa kazi yenyewe ni kupeleka faili, akampiga picha tatu, chap chap, bila kuuliza. Mama akageuza hindi, akasema bila ukali:

"Na mimi?"

"Mathe, si tumelipa kwa geti?"

"Mmemlipa nani, kijana yangu?"

Wakili akacheka, sote tukacheka, mama naye akacheka. Nikalipia mahindi kwa simu, tukaondoka. Lakini swali la mama lilipanda gari pamoja nasi.

Jibu la haraka ni kwamba tulilipa serikali, kupitia eCitizen, na risiti tunayo. Kisheria Wakili alikuwa sawa. Hakuna kifungu kinachosema aliyelipia kuingia hifadhini anadaiwa na mchoma mahindi wa nje. Ila "si tumelipa?" haikuwa hoja ya sheria. Ilikuwa njia ya kusema: deni limeisha, sasa niache nitazame. Ndiyo maana nataka kuuliza kama kuna deni ambalo tiketi hailifikii, na kama lipo, ni la nani.

Tuna maneno mawili, mgeni na mteja, na tumeanza kuyatumia kana kwamba ni mtu mmoja. Hoteli zimeandika "Karibu mgeni wetu" juu ya orodha ya bei. Mteja amelipa, kwa hiyo anaweza kulalamika: chai imepoa, simba hawakutokea, mtandao uko chini. Mgeni hawezi kulalamika kuhusu chai. Lakini mgeni anaweza kuitwa saa nane usiku ng'ombe akizaa, na mteja hawezi. Mteja yuko huru kabisa, na labda ndiyo sababu Wakenya tukipiga simu ya mtu isipatikane tunasema "ako mteja". Kampuni za simu zilitupa neno hilo bila kujua zinafundisha falsafa.

Methali inayojulikana zaidi kuhusu jambo hili ni ile ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu. Watu wengi huisoma kama uchoyo wenye adabu: tumekuvumilia, sasa jilipie ugali. Mimi naisoma kinyume. Jembe ni kupandishwa cheo. Siku mbili za kwanza unakaa kwenye kiti kizuri, unaletewa maji ya kunawa, hakuna anayekwambia ukweli. Siku ya tatu unaonyeshwa shamba liko wapi, nani hasemezani na nani, mto unapita wapi ukifurika. Mteja anaweza kukaa mwezi mzima na hakuna atakayempa jembe.

Waluo, ambao ndio wengi kando ya ziwa hapa, wana ngazi zaidi. Kuna wendo, mgeni anayepita. Kuna jadak, mtu aliyekuja akaruhusiwa kukaa kwenye ardhi ya ukoo mwingine, akalima, akazaa, lakini kila mtu anakumbuka kwamba alikuja. Na kuna weg lowo, wenye ardhi. Si mpangilio wa kupamba. Jadak anaweza kukaa vizazi vitatu halafu siku ya ugomvi wa mpaka wa shamba akaambiwa arudi babu yake alikotoka. Sitaki kuisifu desturi hiyo kwa sababu tu ni ya hapa. Ninachokipenda ndani yake ni kwamba inakiri kuwa kukaa mahali ni jambo la uhusiano na watu, na uhusiano huo una kumbukumbu. Risiti ya eCitizen haikumbuki chochote.

Kesho yake tulienda Simbi Nyaima, ziwa dogo la magadi ndani ya shimo la volkeno, karibu na Kendu Bay. Maji yake ni ya kijani kizito, hayana samaki wa kuvua, na kuna misimu heroe, wale tunaowaita flamingo, hulipaka ukingo rangi ya waridi. Jina lenyewe ni hadithi: Simbi iliyozama. Mzee aliyetusimulia aliisimulia akiwa amesimama, fimbo nyuma ya mgongo. Kulikuwa na kijiji, kulikuwa na sherehe ya pombe na ngoma. Akaja bikizee, mchafu, amechoka, akaomba chakula na mahali pa kulala. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu alimpeleka kwake, akampa maji, akamlisha. Bikizee akamwambia mwite mumeo mwondoke usiku huu. Mvua ikaja, ardhi ikafunguka, kijiji na ngoma zake vikaenda chini.

Dunia ina hadithi hii sehemu nyingi. Kwenye Mwanzo kuna Sodoma, Lutu na wageni wake wawili, na mke anayegeuka nguzo ya chumvi. Mshairi wa Kirumi Ovid aliandika habari za wazee wawili, Baucis na Philemon, waliowakaribisha miungu waliojifanya wasafiri, kisha majirani zao waliowafukuza wakafunikwa na maji. Mahali pote mtego ni ule ule: humjui anayebisha hodi.

Sasa, ukiisikia hadithi ya Simbi ukiwa umetoka Nairobi na begi mgongoni, ni rahisi sana kujiweka kwenye nafasi ya bikizee. Wewe ndiye msafiri, wewe ndiye uliyechoka, hawa wakikukataa watakuwa watu wabaya. Nadhani wengi wetu husafiri tukiwa na picha hiyo bila kuijua, ndiyo maana mtu akituuliza "na mimi?" tunashtuka kana kwamba ukarimu umevunjwa. Lakini hebu tazama tena nani alikuwa na spika. Nani alikuwa na nyama. Sisi wanne tulikuwa tumeshiba, tuna muziki kwenye gari, tuna pesa ya mafuta. Mtu aliyekuja kando ya sherehe akaomba kitu alikuwa yule mama wa mahindi, na sisi tulimjibu kama kijiji kilivyojibu, tofauti ni kwamba tulicheka.

Hapo kuna pingamizi ambalo silipuuzi, na lilitolewa na rafiki yetu mmoja wa kike tukiwa bado kwenye ukingo wa Simbi. Alisema: nyinyi wanaume mnapenda sana ukarimu kwa sababu hamuupiki. Kwenye hadithi, ni nani alimwogesha na kumlisha bikizee? Mwanamke. Mume alikuwa wapi? Kwenye pombe, mpaka akaitwe. Ukarimu wa Kiafrika unaosifiwa kwenye hotuba ni kuni, maji ya kisimani, kuku mmoja aliyebaki, na msichana anayeamshwa saa kumi na moja kwa sababu baba ameleta watu. Ukimpa mwanamke huyo bei na malipo, alisema, umemheshimu kuliko kumwita mama Afrika. Asante haijazi sufuria.

Ana haki. Ningependa kila mama anayepika kwa wageni kwenye fukwe za Mbita alipwe, tena vizuri, tena mkononi mwake. Mimi mwenyewe naishi kwa kuandikia watu, na najua ladha ya kulipwa kwa shukrani. Malipo yanaweza kuwa uhuru, hasa kwa yule ambaye ukarimu wake haukuwahi kuwa wa hiari. Kwa hiyo sisemi pesa inaharibu ugeni. Nasema pesa inamaliza deni kwa yule uliyempa, kwa kitu alichokuuzia, basi. Tulipolipa getini tulimaliza deni letu na geti.

Lakini nani alilipia bonde lenyewe?

Lambwe lilikuwa bonde la mbung'o. Mbung'o aliua ng'ombe na kuleta malale, watu wakaogopa sehemu kubwa ya bonde, na mahali watu na mifugo walipoogopa kukaa, wanyama wakabaki. Ukipenda, mbung'o ndiye askari wa kwanza wa hifadhi ile, na hakuwa na mshahara wala huruma. Mwaka 1966 serikali ikalitenga eneo kuwa hifadhi ya wanyama, na mwaka 1983 likawa hifadhi ya taifa kwa jina la Ruma. Kati ya tarehe hizo mbili na baada yake watu wa pembeni hawakuhama ugonjwa: mwanzoni mwa miaka ya 1980 malale yalizuka upya Lambwe. Mtu aliyeugua alianza na homa na maumivu ya kichwa, halafu usingizi ukageuka, akalala mchana akakesha usiku, akaanza kuropoka, na asipotibiwa alikufa. Ilichukua miaka ya dawa, ya kupulizia, na ya mitego ya vitambaa vya bluu na nyeusi. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeutokomeza ugonjwa huo kama tatizo la afya ya umma. Hakuna aliyeandika habari hiyo kwenye ukurasa wa utalii, na sishangai. Ila uzuri tuliokuja kuupiga picha ulihifadhiwa, kwa sehemu, na hofu na miili ya watu wa pale. Na sasa hivi, fisi akiruka kizuizi, unahifadhiwa na mbuzi wa shemeji ya mtu.

Tafadhali, hiyo isisomwe kama hoja dhidi ya hifadhi. Korongo 15 nao wamebisha hodi. Ukiondoa ule ua leo, kufikia Krismasi ijayo tungekuwa na hadithi nyingine ya kitu kilichozama. Mtu wa Lambwe ninayemwamini aliniambia kwamba hachukii ua, anachukia kuonekana kama yeye ndiye hatari inayozuiwa. Nadhani hilo ndilo linaloumiza zaidi ya mbuzi. Aliyemkaribisha mnyama kwa gharama yake anaandikwa kama adui wa mnyama, na aliyefika Jumamosi kwa gari la kukodi anaandikwa kama rafiki wa wanyamapori.

Immanuel Kant, akiwa Königsberg ambako karibu hakuwahi kuondoka, aliandika mwaka 1795 kwamba kila mtu ana haki ya kufika mahali bila kutendewa kama adui, kwa kuwa dunia ni duara na hatuwezi kutawanyika milele. Akatofautisha haki hiyo na haki ya kukaa kama mgeni wa mtu. Sawa. Lakini Kant alikuwa akimlinda anayefika. Kwa upande wa anayefikiwa namwona Henry Odera Oruka ana msaada zaidi. Huyu alikuwa profesa wa falsafa pale Chuo Kikuu cha Nairobi, mzaliwa wa Nyanza, aliyetembea vijijini akiwahoji wazee wenye hekima wakati wenzake wakibishana kama Mwafrika ana falsafa au hana. Alifariki mwaka 1995. Miaka miwili kabla alikuwa ametoa makala akiilinganisha dunia na familia: ndugu wachache wana mali, wengine hawana, lakini wote wana mzazi mmoja, na hakuna anayeweza kudai kwamba alichonacho alikipata bila mizizi hiyo ya pamoja. Bahati ya mmoja na shida ya mwingine ni mambo ya nyumba moja. Ukiileta hoja yake hapa Lambwe, anayefurahia bonde na anayelivumilia si muuzaji na mnunuzi. Ni ndugu waliogawana urithi vibaya, na mmoja wao amekuja kutembea.

Na ndugu akija kutembea, siku ya tatu?

Siku ya tatu yetu ilikuwa Thimlich Ohinga, upande wa Migori. Hapo kuna kuta za mawe, zingine zimekupita kimo mara mbili, zilizopangwa bila udongo wala saruji, jiwe likishikwa na jiwe, zaidi ya miaka 400 sasa. UNESCO iliziweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Milango yake ni mifupi kwa makusudi. Unaingia umeinama, na mtu aliye ndani anakuona kichwa kabla hujamwona yeye. Wakili, ambaye ni mrefu, aliinama na kulalamika.

Kuta hizo zinasimama kwa sababu ya watu ambao hawakuzijenga. Waliozijenga waliondoka. Wakaja wengine, na baada yao wengine tena, na waliokaa waliendelea kuzikarabati, hadi katikati ya karne ya 20. Fikiria mtu anafika, anakuta ukuta wa wageni wenzake wa zamani umebomoka pembeni, anainua jiwe. Hakuna aliyemlipa na hakuna aliyemdai. Niliwaambia wenzangu kwamba hapo ndipo jembe lilipo, na Wakili akaniuliza, kwa haki kabisa:

"Kwani bro, unataka nilime?"

Hapana. Tungelima vibaya. Wala simaanishi ile safari ya kupeleka madaftari na kupiga picha na watoto walioshika madaftari. Hiyo ni sherehe nyingine yenye spika. Jembe ni kazi ya mahali, unayoweza kuifanya, ambayo wenyeji tayari wanaihitaji na hawakuibuni kwa ajili yako. Kwa mfano, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inasema familia ya mtu aliyeuawa na mnyama ilipwe shilingi milioni 5, aliyepata ulemavu wa kudumu milioni 3, na inatoa njia ya kudai fidia ya mifugo na mazao kupitia kamati ya kaunti. Ni sheria nzuri ukiisoma. Kati ya sheria hiyo na mbuzi wanne kuna fomu, ripoti, nauli ya kwenda mjini, ofisi iliyofungwa Ijumaa mchana, na faili ambayo mtu fulani anapaswa kuiulizia mara kumi bila kuchoka. Nchini Kenya tuna maelfu ya vijana waliozoea kuulizia faili.

Wakili hakujibu. Aliwasha muziki, tukarudi Migori, wao wakapanda basi la usiku.

Wiki tatu zilipita. Kwenye kikundi chetu cha WhatsApp watu walishamaliza kutumiana picha na wakarudi kwenye mambo ya kodi na mpira. Halafu Jumanne moja, saa nne asubuhi, saa ya kazi, Wakili akaandika: "Yule mathe wa mahindi, kuna mtu ana namba yake? Nataka jina la yule shemeji. Na nimtumie zile picha."

Nikafungua jumbe za M-Pesa, nikashuka mpaka mwezi wa nne. Mahindi manne, shilingi 80. Jina lake lilikuwa pale kwa herufi kubwa, na namba.